Harufu ya oili kuungua baada ya kumwaga oili: yanayosemwa na ukweli wake

Umemwaga oili ya zamani ukajaza mpya, umeweka filta mpya, fundi kafunga boneti, umelipa umeondoka. Foleni ya kwanza tu umesimama, harufu ya oili inayoungua inaingia mpaka ndani ya gari. Hapo kila mtu anakuwa mtaalamu, huyu anasema umeuziwa oili feki, yule anasema kawaida hiyo endesha tu, mwingine ashaanza kukutajia bei ya injini ya Dubai. Wapo wanaoingia gharama kubwa kwa tatizo la raba ya filta, na wapo wanaoua injini nzima kabisa kwasababu waliambiwa "itaisha yenyewe". Yote mawili yanaumiza na yote yanazuilika, kwahiyo tuyapitie haya maneno moja moja.

"Ikinuka hivyo ujue oili feki"

Oili feki zipo, hilo halina ubishi, na kununua sehemu unayoiamini ni jambo la maana. Ila harufu siyo kipimo chake. Oili yoyote ya injini ikidondokea chuma chenye joto la nyuzi 200 na ushee inaanza kufuka moshi, na manifoldi ya ekzosi (bomba la kwanza la moshi pale linapotoka kwenye injini) gari ikishatembea kidogo inapita nyuzi 300 bila shida yoyote. Oili ya bei mbaya na oili ya bei chee zote zitanuka vilevile pale.

Cha kushika ni hiki, ile oili unayoisikia puani ukiwa umekaa kwenye siti kwa kawaida iko NJE ya injini, imegusa kitu cha moto. Ile inayoungua ndani ya silinda inatokea nyuma kwenye bomba la ekzosi na moshi wa bluu. Kwahiyo kabla ya kumlaumu muuza oili jiulize kwanza, oili imefikaje nje na imedondokea wapi? Hayo ndo maswali mawili ya kumpeleka nayo fundi.

"Kawaida hiyo, itaisha yenyewe"

Hapa kuna ukweli nusu, na nusu hiyo ndo inapoteza watu. Filta ikifunguliwa lazima oili iliyokuwa imebaki ndani imwagike, afu mkono ukitetemeka wakati wa kujaza kwa juu inamwagika pia pembeni ya mfuniko. Wenye Subaru za zamani kidogo, Forester, Impreza, Legacy za injini ya EJ, wanalijua hili kuliko wote maana filta iko chini imezungukwa na mabomba ya ekzosi, ni ngumu sana kuifungua bila oili kugusa bomba. Fundi makini anaweka kitambaa au anafuta vizuri akimaliza, asiye makini anashusha gari anakwambia tayari.

Oili ya namna hiyo inaungua na kuisha kweli. Harufu inakuwa kali safari ya kwanza injini ikishapata moto, ya pili inapungua, siku mbili tatu hivi za matumizi ya kawaida huisikii tena. Neno la kuangalia ni KUPUNGUA. Kama kesho ni ileile, au imezidi, au ilipotea afu imerudi, hiyo siyo ya kumwagikia, kuna mahali panavuja. Na hata kama inapungua mtu hana haki ya kukwambia "kawaida" kabla hajapima oili na hajaangalia chini ya injini. Kusema kawaida bila kuangalia ni kubahatisha na gari ya mtu.

"Chini hakuna hata tone, haivuji"

Gari nyingi zina kava la plastiki chini ya injini, oili inadondokea humo inakusanyika, sakafu yako inabaki safi kabisa. Pia ikidondokea ekzosi ya moto inakuwa moshi kabla haijafika chini. Na kubwa zaidi, kuna uvujaji unaotokea injini ikiwa inaunguruma tu kwasababu ndo pampu ya oili inasukuma presha, ukizima presha inaisha na kuvuja kunakoma au kunakuwa kidogo sana. Lile boksi watu wanalotandika chini ya gari usiku litakuonesha nati ya sampo (lile bakuli la oili chini ya injini) isiyokazwa, filta inayovuja kwa presha linaweza lisioneshe kitu.

Fanya hivi. Gari ikiwa imepoa iegeshe sehemu tambarare, vuta hendibreki, chukua tishu nyeupe ufute kuzunguka filta na nati ya sampo mpaka pakauke kabisa. Washa injini, mulika na tochi ya simu bila kuingiza mkono karibu na mikanda na feni (na usiingie chini ya gari iliyoshikwa na jeki peke yake, jamani watu wamefia hapo). Dakika chache tu zinatosha. Kama kuna oili mpya inatokeza kwenye mdomo wa filta utaiona, inang'aa rangi ya asali na ni rahisi kuitofautisha na uchafu mweusi wa zamani.

Kwenye filta kuna kosa moja ambalo kila mwenye gari alijue, raba mbili. Filta ya zamani ina raba ya duara, ikikaa muda mrefu inagandamana na injini, fundi anavuta filta raba inabaki juu, haangalii, anafunga filta mpya yenye raba yake juu ya ile ya zamani. Injini ikiwashwa inaweza ikashika kwa muda, hata ukaendesha ukafika nyumbani, afu presha ikipanda raba moja inateleza pembeni na oili inamwagika kwa kasi ya kutisha. Ukimulika kwa karibu utaona mistari miwili myeusi pale filta inapokutana na injini badala ya mmoja. Ukiiona mistari hiyo usiwashe gari tena, filta ifunguliwe hapohapo ilipo, raba ya zamani itolewe, pafutwe, raba mpya ipakwe oili kidogo kwa kidole, afu filta ikazwe kwa mkono, raba ikishagusa unaongeza kama robo tatu ya mzunguko basi. Kukaza na spana ya mnyororo kwa nguvu zote siyo usalama, raba inabinuka inavuja vilevile, na siku ya kufungua ndo hizo filta zinatobolewa na bisibisi.

Nati ya sampo nayo ina washa yake laini, ikitumika mara nyingi inachoka, ibadilishwe, ni kitu cha bei ndogo mno. Wengi wanaona inatiririka wanaikaza zaidi na zaidi mpaka nyuzi za sampo zinakufa.

"Galoni ni lita 4, mimina yote tu"

Hili naliona kila siku na linanisikitisha maana jibu liko kwenye kitabu cha gari. Chukua injini ya Toyota ya 1NZ-FE, ile iliyojaa barabarani kwetu kwenye IST, Raum, Probox na nyingine kibao. Ukibadilisha na filta inachukua lita 3.7, ukiacha filta ya zamani inachukua 3.4. Sasa galoni ya lita 4 ikimiminwa yote ndani tayari umezidisha, na kama filta haikubadilishwa umezidisha lita 0.6, bado hujahesabu oili ya zamani iliyobaki kwasababu gari ilimwagwa ikiwa ya baridi au imeinama.

Ziada kidogo tu haiui injini, ila ikiwa nyingi kranki shafti inayozunguka chini ya injini inaanza kuipiga oili inatoa povu, na povu halilainishi kama oili. Upande mwingine mvuke wa oili unavutwa na bomba la kupumulia injini unaingia kwenye hewa inayoenda kuungua, ndo unaona moshi wa bluu nyuma na harufu hapo hapo, mtu anaambiwa ringi za pistoni zimekufa kumbe oili imezidi tu. Sili zilizochoka nazo zinapata sababu ya kuvuja.

Kupima ni sehemu tambarare, injini imezimwa dakika 5 mpaka 10 ili oili ishuke, chomoa kijiti futa, rudisha mpaka mwisho, chomoa tena ndo usome. Kipimo cha kwanza kabla ya kufuta kinadanganya. Kati ya alama mbili ni salama, karibu na ya juu ni vizuri, juu ya alama ya juu ipunguzwe, na inapunguzika kirahisi kwa kulegeza nati ya sampo au kuinyonya kwa mpira mwembamba kupitia tundu la kijiti. Usikubali kuambiwa "itajipunguza yenyewe".

"Weka oili nzito itaacha kunuka"

Haitaacha. Raba iliyokaa vibaya itavuja na oili nyepesi ya 5W-30, itavuja na nzito ya 20W-50, labda taratibu kidogo. Na hizi injini za Toyota za VVT-i zinatumia presha ya oili hiyohiyo kuzungusha kemshafti kupitia njia nyembamba, zimepangiwa uzito wa oili kwa sababu. Ziba panapovuja.

"Taa ya oili haijawaka, niko salama"

Taa nyekundu yenye picha ya kibirika, kwenye gari nyingi, inapima PRESHA na siyo kiasi cha oili. Oili inaweza kuwa imeshuka chini kabisa ya kijiti na taa imezimika kwasababu pampu bado inapata ya kunyonya. Siku inawaka maana yake presha imeshuka mno, mara nyingi pampu haina cha kusukuma, na vyuma vinaweza kuwa vinasagana muda huohuo. Ikiwaka ukiwa barabarani toka pembeni uzime injini, usiseme ngoja nifike sheli iliyo mbele, kilomita hizo mbili ndo zinakula bearingi.

"Peleka kwa waosha magari wapige maji ya presha"

Maji ya presha yanaingia kwenye altaneta, koili na soketi za umeme, ukirudi nyumbani gari inamisi na tatizo la oili liko palepale. Kusafisha ni wazo zuri kabisa ila injini iwe imepoa na utumie dawa ya kukata mafuta na kitambaa au brashi. Faida yake kubwa ni kutafuta chanzo, ukishasafisha endesha siku moja afu mulika, ulowevu mpya unaanzia wapi? Anza juu ushuke, oili inatiririka kwenda chini na upepo unaitupa nyuma kwahiyo panapolowa siyo lazima pawe panapovuja.

Mara nyingi utakuta chanzo hakihusiani kabisa na kumwaga oili, ni gasketi ya tapeti kava (lile kava la juu ya injini) imekakamaa kwa uzee. Kwenye 1NZ ekzosi iko nyuma ya injini, upande unaoelekea kabini, gasketi ikivuja upande ule tone linaangukia manifoldi moja kwa moja. Hewa ya kabini nayo inavutwa pale chini ya kioo karibu na waipa, ndo maana harufu unaisikia zaidi ukisimama kwenye taa au foleni na ukitembea inapotea. Kubonyeza kitufe cha kuzungusha hewa ya ndani kunakata harufu, oili inaendelea kudondoka, na oili kwenye ekzosi ikizidi inawaka moto.

Mengine ya haraka. Mfuniko wa kujazia oili ukisahaulika oili inaruka boneti zima, angalia hilo kwanza ni sekunde moja. Tambara la fundi lililosahaulika juu ya injini linanuka kama nguo inayoungua, litoe mara moja. Na kwenye Subaru za otomatiki kuna makosa ya kufungua nati isiyo yake, oili ya giaboksi inamwagwa, ya injini ya zamani inabaki afu inaongezewa mpya juu. Ukiona oili ya injini imepita kijiti mbali na gari inavuma bila kuvuta, usiiendeshe.

"Mwaga oili jioni, alfajiri safari"

Hii ndo tabia ya Desemba na naomba watu waiache. Mwaga siku tatu nne kabla, zunguka nayo mjini, kama kuna kosa lijitokeze ukiwa karibu na fundi na siyo ukiwa unapanda mlima Kitonga na familia na mizigo. Ikishindikana, umetoka Dar harufu ipo, simama Chalinze, zima dakika 10, pima. Kwenye gari ndogo nyingi kutoka alama ya juu mpaka ya chini ni kama lita 1 hivi, kwahiyo ikiwa imeshuka nusu ya hapo kwa hizo kilomita mia na kitu, ukifika Morogoro utakuwa karibu kabisa na alama ya chini. Tafuta fundi hapohapo Chalinze afungue filta mbele yako, uhesabu raba.