Thamani ya kiakiolojia: hesabu ya shimo, si ya chungu

Thamani ya kiakiolojia ni makadirio ya fedha ambazo zingehitajika kuchimba eneo la kale kitaalamu na kupata taarifa zake kabla halijaharibiwa. Ni dhana ya mahakamani zaidi kuliko ya sokoni. Mfano wake unaojulikana zaidi umo katika sheria ya Marekani ya mwaka 1979 inayolinda malikale katika ardhi ya umma na ya makabila ya wenyeji.

Kwa nini isitumike bei ya soko? Kwa sababu vigae thelathini vya vyungu vilivyovunjika havina mnunuzi. Kilichopotea ni mkao wake: kigae kilikuwa tabaka lipi, kando ya mkaa upi, juu ya sakafu ipi. Mkaa huo ungepimwa umri kwa kaboni; udongo ukishavurugwa, umri wake hauelezi tena kitu kuhusu kigae.

Basi hupimwa shimo aliloliacha mchimbaji haramu. Tuseme lina urefu wa mita 2, upana wa mita 1.5 na kina cha mita 0.8, yaani mita za ujazo 2.4. Timu ya wataalamu ingetumia siku ngapi kuuondoa udongo huo tabaka kwa tabaka, kuuchekecha wote, kuchora na kupiga picha? Siku hizo huzidishwa kwa malipo ya kawaida ya wataalamu, kisha huongezwa gharama za mpango wa utafiti, maabara na ripoti. Maabara na ripoti mara nyingi hula siku nyingi kuliko uchimbaji wenyewe, na hapo ndipo wakili wa utetezi hudai bei imetiwa chumvi.

Usipime rundo la kifusi: udongo uliochimbuliwa huvimba, hivyo ujazo utazidi. Ondoa kwanza udongo uliomomonyokea ndani mpaka ukutane na ukuta mgumu wenye alama za sepetu. Shimo lenye kingo butu na majani yaliyoota huenda ni la miaka iliyopita. Liandike peke yake. Ukimbebesha mshtakiwa mashimo ya watu wengine, hesabu yako yote itatiliwa shaka.

Gharama za ukarabati ni fungu jingine: kuchekecha kifusi, kuimarisha kuta, kufukia, kurudisha sura ya ardhi, kuzika upya mabaki ya binadamu na kuandika ripoti. Kabla ya kufukia ni vizuri kutandika geotekstaili, yaani kitambaa cha plastiki kinachopitisha maji, ili mchimbaji wa baadaye aone udongo wa kujazia unaishia wapi. Uchambuzi wa vitu vilivyosalia unaweza kujipenyeza katika mafungu yote mawili, na kuuhesabu mara mbili ndilo kosa linaloonekana upesi zaidi.

Sheria hiyo ya Marekani huchukua thamani ya kiakiolojia au ya kibiashara, si zote mbili, kisha hujumlisha ukarabati. Jumla ikizidi dola 500, adhabu ya juu kwa kosa la kwanza hupanda kutoka kifungo cha mwaka 1 na faini ya dola 10,000 hadi miaka 2 na dola 20,000. Kabla ya marekebisho ya mwaka 1988 kizingiti kilikuwa dola 5,000, kiasi ambacho shimo moja dogo halikukifikia kwa urahisi.

Njia hii hulegea pale pasipo na udongo wa kupima. Jiwe lenye michoro likibebwa, hakuna mita za ujazo. Linabaki swali la gharama za kulirekodi mahali pake. Mwaka 2006 mahakama ya rufani ya Marekani ilitengua hukumu ya wizi wa mawe ya aina hiyo huko Nevada. Kosa lililohukumiwa lilikuwa wizi wa mali ya serikali, ambao hupimwa kwa bei ya soko, na upande wa mashtaka haukuthibitisha bei hiyo. Thamani ya kiakiolojia haikuweza kuziba pengo.