Gundi ya moto kwenye katoni, mifuko na vitabu: yanayosemwa karakanani Mombasa na ukweli wake

Tangu Kenya ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki tarehe 28 Agosti 2017, karatasi imerudi kwa kishindo katika biashara ya vifungashio. Ukizunguka Shimanzi na Changamwe utasikia watu wakizungumzia mifuko ya khaki, maboksi ya keki, katoni za majani ya chai na vitabu vya risiti. Na penye kazi hizo, mara nyingi pana mashine ya gundi ya moto: tangi la kuyeyushia, pampu, hosi inayopashwa joto kwa stima, na bunduki yenye nozeli inayotema mstari mwembamba wa gundi juu ya karatasi. Mashine yenyewe ni nzuri. Kinachoniudhi ni maneno yanayozunguka kuihusu, ambayo fundi hurithishwa na fundi mwenzake bila mtu kuyapima. Anayeyaamini huharibu mali ya mteja, na wakati mwingine hupoteza ngozi yake mwenyewe.

"Subiri gundi ikauke"

Haikauki. Gundi nyeupe ya maji ndiyo hukauka: maji yake hunywewa na karatasi na mengine hupotelea hewani. Gundi ya moto haina maji wala kiyeyushi chochote. Ni plastiki laini iliyochanganywa na utomvu na nta, ngumu ikiwa baridi, majimaji ikipata joto, na hushika kwa kupoa tu. Anayetajwa kuwa mgunduzi wake, Paul Cope wa kampuni ya Procter & Gamble ya Marekani, aliitengeneza karibu mwaka 1940 kwa sababu gundi za maji zilikuwa zikishindwa katika nchi zenye unyevunyevu, maboksi yakifunguka yenyewe. Sisi watu wa Pwani tunalijua vizuri tatizo hilo.

Ukishaelewa kwamba inapoa, mengine yote yanajipanga. Gundi ikitua tu juu ya karatasi, muda unaanza kukimbia. Upande wa pili lazima uikute ingali ya moto, na kwa gundi nyingi za katoni muda huo ni sekunde chache. Ukichelewa, juu yake hujengeka ngozi nyembamba. Gundi itagusa karatasi ya pili lakini haitapenya kwenye nyuzi zake. Pande mbili zikishakutana, sharti zibanwe mpaka gundi ipoe na kuwa ngumu kiasi cha kuhimili kifuniko kinachotaka kujikunjua. Kuna muda wa kuwahi na muda wa kubana, na kasi ya mkanda unaosafirisha katoni inapaswa kutoshea yote miwili.

Niliitwa kwenye karakana moja ambako vifuniko vya katoni vilikuwa vikishika vizuri asubuhi na kufunguka mchana. Kila mtu alilaumu joto la mchana. Walikuwa wamebadilisha gundi na kubadilisha nozeli, na walikuwa karibu kumtimua opereta. Nilisimama kando ya mkanda nikaangalia tu. Jua lilipopanda, opereta aliwasha feni kubwa ya ukutani, naye alikuwa na haki, kwani pale ndani palikuwa hapakaliki. Feni ile ilikuwa ikipuliza moja kwa moja juu ya mstari wa gundi kati ya nozeli na sehemu ya kukunjia. Gundi ilikuwa inapozwa kabla ya kukutana na kifuniko. Tuliigeuza feni imwelekee opereta kwa upande mwingine, na vifuniko vikaanza kushika papo hapo.

"Ikigoma kushika, ongeza moto"

Hii ndiyo dhana iliyoharibu mashine nyingi kuliko zote, na nitakaa nayo kidogo.

Gundi za kawaida za katoni, zile za aina ya EVA (plastiki ya ethilini na vinyli asetati), nyingi hufanyia kazi kati ya nyuzi joto 150 na 180 za Selsiasi. Zipo pia za joto la chini, za nyuzi 120 hadi 130. Kiwango kimeandikwa kwenye gunia au kwenye karatasi ya maelezo ya mtengenezaji, na hicho ndicho cha kufuata. Ukikipita, gundi huanza kuungana na hewa ndani ya tangi: inageuka manjano, kisha hudhurungi, inatoa harufu kali, na mwishowe inaungua na kuganda ukutani mwa tangi kama ukoko wa wali. Ukoko huo haubaki mahali pake. Vipande vyake humeguka, vikaziba filta, vikaingia kwenye hosi, vikakwama kwenye tundu la nozeli lenye upana usiofika hata milimita moja. Mtiririko unapungua. Opereta anaona gundi haitoki vizuri, anadhani ni nzito mno, anaongeza moto tena, na ukoko unazidi.

Dawa yake haina gharama. Weka kiwango kilichoandikwa, kwenye tangi, hosi na bunduki, kwa sababu kila sehemu ina kidhibiti chake. Funika tangi, hewa na vumbi la karatasi visiingie. Jaza gundi kidogo kidogo kadiri inavyotumika, usisubiri tangi likaribie kukauka ndipo umimine gunia zima, maana hapo joto hushuka ghafla na kazi husimama. Na kila penye mapumziko ya zaidi ya nusu saa, punguza moto. Ijumaa wakati wa swala nimeona mashine zikiachwa kwenye nyuzi 175 zaidi ya saa nzima bila tone kutumika. Teremsha nyuzi 30 au 40, kisha pandisha watu wanaporejea. Mashine nyingi zina swichi ya kazi hiyo hiyo, na haiguswi.

Kuchanganya gundi kumo humo humo. Mtu anaishiwa na gunia la aina moja, anamimina la aina nyingine juu yake kwa kuwa vidonge vyote vya gundi ni vyeupe. Gundi mbili zisizopatana huweza kuganda na kuwa kama jeli ndani ya tangi, na kusafisha hapo ni kazi ya siku nzima. Unapobadili aina, maliza ya kwanza na usafishe mashine ndipo uweke ya pili.

"Gundi nyingi ndiyo nguvu"

La. Mstari mnene hupoa polepole, kwa hiyo kifuniko hufunguka kikiwa kimeshatoka kwenye mbano. Vipimo havihitaji maabara: chukua katoni iliyopoa, fungua kifuniko kwa mkono, tazama. Karatasi ikichanika na nyuzi zake zikabaki zimenasa kwenye gundi, umemaliza. Gundi imekuwa na nguvu kuliko karatasi na kuongeza ni kutupa pesa. Gundi ikitoka nzima, laini na inayong'aa upande mmoja, ilifika ikiwa imepoa. Ikiwa imetandazika pana na bado karatasi haikuchanika, hapo chunguza karatasi yenyewe, kwani huenda ina vanishi au lamineti, yaani utando wa plastiki, isiyokubali gundi hiyo.

"Ni ya kila kitu cha karatasi"

Wauzaji wa mashine hupenda kusema hivi, na wanunuzi wapya huumia. Bodi yenyewe ya katoni, ile yenye mawimbi katikati, haigandishwi kwa gundi ya moto. Mawimbi yake hushikizwa kwa wanga, wa mahindi au wa muhogo, kwenye mtambo mkubwa wa mvuke. Gundi ya moto huingia baadaye, bodi inapokunjwa kuwa trei au katoni na vifuniko vyake kufungwa. Mshono wa ubavuni wa boksi, mara nyingi, ni wa gundi baridi.

Mifuko ya karatasi nayo imegawanyika. Kitako chake, kwa sehemu kubwa, hugandishwa kwa gundi ya maji, ambayo huenea vizuri kwenye eneo pana. Vishikio vya kamba ya karatasi ndivyo hupata faida ya gundi ya moto, kwa kuwa lazima vishike hapo hapo mashine ikiwa inakimbia. Ncha ya mwisho ya karatasi ya chooni huwekewa gundi hafifu ya maji, ili mtumiaji aweze kuibandua. Vikombe vya karatasi havina gundi kabisa: utando wa plastiki uliopakwa ndani ndio huyeyushwa ukajishika wenyewe. Kwenye pedi na nepi, ndiyo, gundi ya moto ni nguzo. Hunyunyizwa kama nyuzi nyembamba kushikanisha tabaka, na ule ukanda unaobandikwa kwenye nguo ya ndani ni gundi ya moto ya aina isiyoacha kunata hata ikiwa baridi.

Kisha kuna vitabu. Kitabu cha jalada laini kisichoshonwa husagwa mgongo ili nyuzi za karatasi zitokeze, kikapitishwa juu ya gundi ya moto, kikavishwa jalada na kubanwa. Anayejalidi vitabu vya shule kwa EVA anapata kazi ya haraka na ya bei nafuu. Lakini kwenye karatasi yenye kung'aa, kama ya magazeti ya picha, EVA huachia kurasa mapema. Hapo hufaa gundi ya poliurethani, PUR, inayopakwa nyembamba zaidi, isiyovunjika kitabu kikifunguliwa hadi mwisho. Nayo ina tabia yake: baada ya kupoa huendelea kukomaa kwa saa nyingi kwa kunywa unyevu wa hewa. Unyevu wa Mombasa unaisaidia kitabuni na kuiangamiza ndani ya mashine. Tangi lake lazima lifungwe kabisa, la sivyo gundi hukomaa humo humo na haiyeyuki tena kwa moto wowote.

Jambo la mwisho hapa ni mzigo unakokwenda, na mji huu wa bandari hauna udhuru wa kulisahau. Kontena lililokaa juani Kilindini hupata joto ndani kuliko lile la nje, na gundi nafuu ya EVA iliyobeba uzito hulegea na kuteleza taratibu muda mrefu kabla ya kuyeyuka. Katoni za parachichi husafiri kwenye kontena la baridi, karibu nyuzi 5, zikipata umande. Katoni za samaki waliogandishwa hukaa nyuzi 18 chini ya sifuri, na huko EVA ya kawaida hugeuka kavu na kuvunjika katoni ikiangushwa kidogo. Zipo gundi zilizotengenezwa kwa kazi hizo, nyingi za aina ya poliolefini, jamii nyingine ya plastiki. Mwambie anayekuuzia gundi katoni itapita wapi na kulala wapi. Akikujibu kwamba gundi ni gundi, tafuta mwingine.

"Unyevunyevu hauihusu, mashine ina moto wake"

Unaihusu kupitia karatasi. Hewa ya hapa mara nyingi huwa na unyevu unaopita asilimia 70, na msimu wa masika huzidi. Karatasi iliyoachwa wazi sakafuni huunywa. Gundi ya nyuzi 170 ikitua juu yake, maji yale hugeuka mvuke, na mvuke huacha mapovu chini ya mstari wa gundi. Karatasi pia huvimba na kujikunja, mikunjo haikai sawa, kifuniko kinasukuma kikitaka kufunguka. Panga karatasi juu ya mbao, uifunike, na usiifungue kabla ya siku ya kazi. Magunia ya gundi nayo yasirundikwe juu mno kwenye godauni la mabati, hasa wakati wa kaskazi, maana vidonge vya chini hubanwa na joto vikashikana kuwa jiwe moja.

"Stima ikirudi, washa tuendelee"

Mashine inahitaji nusu saa hivi, wakati mwingine zaidi, mpaka tangi, hosi na bunduki vyote vifikie kiwango. Tangi likiwa tayari na hosi bado baridi, pampu husukuma dhidi ya gundi iliyoganda na kitu kitapasuka. Na hosi baridi isikunjwe wala kuvutwa: gundi ndani yake imekuwa fimbo, nyaya za joto hukatika.

"Moshi wake ni sumu" au "moshi wake hauna neno"

Nimezisikia zote mbili katika jengo moja. Kwa EVA iliyowekwa kwenye joto lake, mvuke ni mdogo, na dirisha wazi pamoja na feni ya kutoa hewa nje hutosha. Moshi unaoonekana kwa macho ni dalili kwamba gundi inaungua. PUR ni jambo jingine: mvuke wake una aisosianati, kemikali inayoweza kumsababishia mtu pumu, na hiyo inataka bomba la kunyonya hewa juu ya tangi. Asiyeweza kuliweka asiitumie.

"Ni gundi tu, ikikudondokea itapoa"

Itapoa, lakini juu yako. Maji ya moto humwagika yakatiririka. Gundi hunata na kuendelea kuunguza. Hili ndilo ninalolisema kwa sauti kila ninapoingia karakanani, kwa sababu kijana anayefungua nozeli iliyoziba kwa bisibisi, bila glavu wala miwani, pampu ikiwa bado na shinikizo, anaweza kupoteza jicho. Zima pampu, toa shinikizo, vaa glavu za joto na shati la mikono mirefu, ndipo uguse.

Ikimpata mtu, usiivute wala kuibandua, maana itaondoka na ngozi. Usipake dawa ya meno, mafuta wala asali. Weka sehemu hiyo chini ya maji ya bomba yanayotiririka kwa dakika 20, vua pete na saa kabla haijavimba, funika kwa kitambaa safi, na mpeleke hospitali gundi ikiwa bado imeshika pale pale.