Ruzuku ya safari ya siku ya milango wazi: ni nini na inalipia nini

Ruzuku ya safari ni fedha anazopewa mwanafunzi wa skuli ambaye kwao hali ni ngumu, ili afike chuo kikuu siku kinapopokea wageni, aone maabara na madarasa, awaulize wahadhiri na wanafunzi anayotaka kuyajua, kisha arudi nyumbani. Hairejeshwi. Mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu Zanzibar humsaidia aliyekwisha kupata nafasi chuoni; ruzuku hii ni ya yule ambaye bado hajajua aombe nini.

Kwa mtoto wa Fuoni, kufika Tunguu, iliko SUZA (Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar), ni nauli ya daladala na chakula cha mchana. Wa Micheweni anahitaji gari hadi Chake Chake, nyengine hadi Mkoani, boti hadi Malindi, kisha daladala ya Tunguu. Shughuli za chuo huanza asubuhi, kwa hiyo lazima awe amelala Unguja usiku wa kabla. Ruzuku inayohesabu tiketi ya boti peke yake inamwacha mtoto bandarini.

Tuchukue wanafunzi 10 wa Pemba na walimu 2, mmoja wa kike na mmoja wa kiume. Wakiondoka asubuhi ya siku ya kwanza na kurudi siku ya tatu, watu 12 wanahitaji tiketi 24 za boti. Malazi ni ya usiku 2, na dakhalia ya skuli ya Unguja ikipatikana, gharama hupungua sana. Milo ni 7 kwa kila mtu: 2 siku ya kwanza, 3 ya pili, 2 ya tatu, jumla milo 84. Ongeza nauli za gari pande zote mbili, makato ya kutolea pesa za simu, na msaidizi kwa mwanafunzi mwenye ulemavu anayemhitaji. Mwalimu wa kike asikatwe kwenye bajeti. Wazazi wengi hawatamruhusu binti avuke bahari bila yeye, na wana haki.

Kosa kubwa zaidi ni kulipa baadaye. Vyuo vingi vya Uingereza humrejeshea mwanafunzi nauli baada ya safari, akileta risiti. Utaratibu huo ukihamishiwa hapa kama ulivyo, unamtoa yule hasa aliyekusudiwa: asiye na nauli leo hawezi kusubiri arejeshewe wiki ijayo. Na utingo wa daladala hatoi risiti. Fedha zitoke kabla, skuli inunue tiketi za boti kwa majina, na kwa magari ya barabarani itumike karatasi yenye tarehe, njia, kiasi na saini za mwanafunzi na mwalimu.

Kuchagua wanafunzi kunahitaji kigezo kinachothibitika: kaya iliyo kwenye mpango wa TASAF (Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, unaosaidia kaya maskini), uyatima, ulemavu, au barua ya sheha. Alama za darasani zisiwe kigezo cha kwanza, maana mara nyingi zitawabeba wanaolipiwa tuisheni. Majina nayo yasisomwe mstarini mbele ya skuli nzima. Mtoto anayeona haya hukataa safari, halafu huandikwa kwamba hakutaka.

Wakati mzuri ni Kidato cha Tatu au mwanzo wa cha Nne, kabla ya kuchagua tahasusi. Anayetaka udaktari akiingia HGL, yaani Historia, Jiografia na Kiingereza, kumtembeza maabara akiwa Kidato cha Sita hakumsaidii kitu.

Epukeni Ramadhani, na angalieni msimu wa kusi, bahari inapochafuka na boti huweza kuzuiwa. Akiba ya asilimia 10 haitoshi hapo. Tengeni chakula na malazi ya siku 1 zaidi kwa kundi zima. Boti ikiondoka kama kawaida, kiasi hicho kinabaki kwenye mfuko kwa safari ya mwaka unaofuata.