Ronald Ngala na Jimbo la Pwani

Wakenya wengi wanalijua jina la Ronald Ngala kwa sababu ya barabara iliyo katikati ya Nairobi. Wachache wanajua kwamba kuanzia 1963 aliongoza Jimbo la Pwani, akiwa Rais wa Bunge la Jimbo. Mimi naona kipindi hicho kifupi kinastahili kufundishwa kwa kila anayefuatilia habari za ugatuzi.

Ngala, Mgiriama aliyezaliwa 1923, alikuwa mwalimu. Alisoma shule ya Alliance na Chuo cha Makerere, akafundisha shule za Pwani, kisha 1957 akawa mmoja wa Waafrika wanane wa kwanza kuchaguliwa kuingia Baraza la Kutunga Sheria. Mwaka 1960 akawa kiongozi wa KADU, chama kilichokusanya Wamijikenda, Wakalenjin, Wamaasai na baadhi ya Waluhya waliohofia kumezwa na jamii kubwa zilizoiunga mkono KANU, chama cha Jomo Kenyatta. Pwani hofu hiyo ilikuwa na sura mbili: ardhi, na ajira za bandarini Mombasa.

Jawabu la KADU lilikuwa majimbo, yaani mikoa yenye mabunge na mamlaka yake yenyewe. Wapinzani walidai huo ni mpango wa walowezi wa Kizungu. Ni kweli walowezi kadhaa waliuunga mkono, lakini kusema Ngala alitumwa nao ni kumdhulumu. Squota wa Kigiriama, yaani mkazi wa shamba asilo na hati yake, hakuhitaji mlowezi amfundishe kuhofia ardhi yake.

Mkutano wa katiba wa Lancaster House, London, wa 1962 ulikubali majimbo. Katika uchaguzi wa Mei 1963 KANU ilishinda serikali kuu, Ngala akashika Pwani, naye Daniel arap Moi akashika Bonde la Ufa. Kwenye karatasi majimbo yalipewa mamlaka juu ya ardhi, elimu ya msingi na serikali za mitaa. Lakini mamlaka bila watumishi na bila fedha hayaendeshi hata zahanati moja, na vyote viwili vilikuwa mikononi mwa Nairobi. Serikali kuu ilichelewesha kukabidhi kazi na pesa, huku wabunge wa KADU wakihama mmoja mmoja kwenda upande wenye mawaziri. Magavana wa leo, wanaposubiri mgao wa kaunti zao miezi nenda miezi rudi, wangeyatambua mazingira hayo mara moja.

Novemba 1964 Ngala alitangaza bungeni kwamba KADU imevunjwa. Kwa hatua hiyo KANU ilipata kura za kutosha, hata katika Seneti, kuibadili katiba, na Kenya ikawa jamhuri tarehe 12 Desemba bila majimbo yenye nguvu. Baadhi ya watu wa Pwani waliona wametupwa. Kwa maoni yangu, ushindani ulikuwa umekwisha miezi mingi kabla, kwenye bajeti.

Mwaka 1966 KANU ilimchagua kuwa makamu wa rais wa chama kwa upande wa Pwani, naye akaingia baraza la mawaziri. Alikuwa bado waziri alipofariki tarehe 25 Desemba 1972, kufuatia ajali ya barabarani.