Jumapili si siku ya kuona Sistina

Juzi usiku niliandikiwa ujumbe na mwenyekiti wa jumuiya moja ya parokia, mzee ninayemheshimu sana. Wanakuja Roma watu 14. "Binti yangu, ndege tumeshashika nafasi, bado kulipa tu. Tunatua Jumamosi jioni, Jumapili tunamaliza Vatikani yote pamoja na Sistina, Jumatatu tunaona Colosseum na ile Borghese, Jumanne asubuhi tunaondoka." Nikamjibu: shikamoo mzee wangu, Jumapili Kikanisa cha Sistina kimefungwa, na Jumatatu jumba la sanaa la Borghese limefungwa. Haikupita dakika akarudisha: "Vatikani ndiyo makao ya Kanisa. Kanisa linafungwaje Jumapili?"

Kazi yangu ni kupanga safari za watu wanaokuja huku kutoka Dar, Nairobi, Kampala na Bukoba, na swali hilo nimelijibu kwa simu, kwa barua pepe, kwenye harusi, na mara moja nikiwa kwenye foleni ya benki. Leo naliandika, nikiulizwa tena nitume kiungo.

Shida inaanzia kwenye neno lenyewe. Mtu akisema "Vatikani" anafikiria mahali pamoja penye mlango mmoja. Kwa mgeni, Vatikani ni mambo manne, na kila moja lina mlango wake, siku zake na taratibu zake. Kuna Kanisa Kuu la Mtakatifu Petro. Kuna Makumbusho ya Vatikani, na Kikanisa cha Sistina, chenye picha maarufu za dari, kiko ndani ya makumbusho hayo. Kuna Katekesi ya Baba Mtakatifu siku ya Jumatano, yaani mafundisho yake kwa mahujaji. Na kuna Sala ya Malaika wa Bwana, ambayo Baba Mtakatifu huiongoza akiwa dirishani, Jumapili saa sita kamili mchana. Ukiyachanganya haya, utapoteza siku nzima, na Roma siku moja ni ghali.

Nianze na makumbusho, maana ndiyo yanayoumiza watu. Jumapili yanafungwa, isipokuwa Jumapili ya mwisho ya mwezi, ambapo kuingia ni bure kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa nane mchana, na wa mwisho kuingia ni saa sita na nusu. Mtu akisikia "bure" anafurahi. Hebu fikiria: mji mzima nao umesikia hilo neno. Huwezi kuweka nafasi mapema, foleni inazunguka ukuta, na kwa sababu sala ya Baba Mtakatifu ni saa sita, lazima uchague moja. Sijawahi kumpangia mtu Jumapili hiyo nikaridhika na matokeo yake.

Halafu kuna sikukuu. Mahujaji wetu wanapenda kuja tarehe 29 Juni, sikukuu ya Watakatifu Petro na Paulo, na ninawaelewa kabisa: kuwa Roma siku hiyo ni neema. Lakini siku hiyo makumbusho yamefungwa, na jiji lenyewe liko mapumzikoni kwa sababu hao ndio wasimamizi wake. Vivyo hivyo 1 Mei, 15 Agosti na 8 Desemba. Ukija kwa ajili ya sikukuu, njoo kusali, na Sistina uiwekee siku nyingine.

Mlango wa makumbusho hauko kwenye Uwanja wa Mtakatifu Petro. Uko upande wa pili wa ukuta, kwenye barabara ya Viale Vaticano, na kutoka uwanjani ni mwendo wa dakika 15 hadi 20 kwa miguu, na mwisho kuna mlima kidogo. Ukiwa na wazee, hesabu dakika 30. Watu wanasimama saa nzima kwenye foleni ya ukaguzi pale uwanjani, wanafika mbele, ndipo wanaambiwa tiketi yao ni ya kwingine. Kutoka Sistina kuna njia ya ndani inayoteremka moja kwa moja hadi Kanisa Kuu, na kila kitabu cha wageni kinaisifu. Ni ya makundi yenye kiongozi mwenye kibali. Mimi siipangi kwenye ratiba ya mtu anayetembea mwenyewe.

Kanisa Kuu ni bure. Narudia, ni bure. Unachosubiri ni ukaguzi wa usalama tu. Fika saa moja asubuhi linapofunguliwa, utaingia kwa utulivu. Mabega na magoti yafunikwe, wanaume kwa wanawake. Hapa sisi tuna bahati: kanga mbili mkobani zinamaliza kazi yote. Kupanda kubani ni kwa tiketi, ngazi 551, na lifti inakupunguzia baadhi tu; baada yake bado zinabaki ngazi 320, nyembamba, ukuta umelala upande. Mwenye magoti mabovu abaki chini. Huko chini kuna mengi: ndani ya kanisa hili, tarehe 18 Oktoba 1964, Papa Paulo VI aliwatangaza Karoli Lwanga na wenzake, Mashahidi wa Uganda, kuwa watakatifu. Makundi ya Kampala nikiwaeleza hilo wakiwa wamesimama mle mle, hakuna anayekumbuka tena habari ya kuba.

Sasa Jumatano, siku inayonitesa kuliko zote. Katekesi ni bure. Tiketi hutolewa bure na ofisi ya Nyumba ya Kipapa, na mtu yeyote anayekuuzia "tiketi ya kumwona Papa" anakuuzia karatasi isiyouzwa. Anayekutoza kwa kazi ya kukuombea na kukuchukulia aseme hivyo waziwazi. Nimewaona akina mama waliolipishwa yuro nyingi kwa karatasi hiyo, na inaniuma hadi leo, kwa sababu fedha ile ilikuwa ya kikoba. Na tiketi haikupi kiti maalumu. Kiti hutolewa na miguu yako: saa moja na nusu asubuhi uwe umeshafika. Hata bila tiketi, nafasi ikiwepo uwanjani, mara nyingi utaingia. Julai katekesi husimamishwa, na Baba Mtakatifu akiwa safarini haipo, kwa hiyo angalia kalenda yake kabla ya kukata ndege.

Asubuhi ya Jumatano, watalii hawaingii Kanisa Kuu mpaka katekesi iishe na watu watawanyike. Makumbusho lakini yako wazi. Je, nikupangie makumbusho asubuhi hiyo wakati wengine wako uwanjani, au mchana baada ya katekesi? Wenzangu wengi wanaapa kwamba asubuhi ya Jumatano Sistina inapumua. Mimi nimeshapeleka watu asubuhi hiyo wakakuta nafasi, na nimeshapeleka wengine wakasongamana kama kwenye daladala za Mbagala. Sina kanuni. Kwa mahujaji ninachofanya ni katekesi asubuhi, chakula na kupumzika kweli kweli, kisha Sistina saa tisa alasiri. Wazee wanachoka, na kuna siku nimejuta.

Nikisema saa tisa alasiri nina sababu. Tiketi za huku huandikwa kwa saa 24. Ikiandikwa 9:00, hiyo ni saa tatu asubuhi yetu. Ikiandikwa 15:00, ndiyo saa tisa alasiri. Kuna familia niliyoiambia kwa simu "muda wenu ni saa tatu", kisha wakaiona 9:00 kwenye karatasi, wakaamini karatasi, wakaja saa tisa alasiri. Mlinzi hakuwa na kosa, na wao hawakuwa na kosa. Tangu siku hiyo naandika vyote viwili: "9:00, yaani saa tatu asubuhi, mkiwa mmeshakunywa chai."

Ukishaelewa Vatikani, Roma iliyobaki inapangika kwa mtindo ule ule: fungua kalenda kwanza, ramani baadaye. Galleria Borghese imefungwa Jumatatu, na siku nyingine huingii bila kuweka nafasi. Unapewa saa mbili, zikiisha unatoka. Ngome ya Castel Sant'Angelo nayo Jumatatu imefungwa. Makaburi ya chini ya ardhi ya eneo la Via Appia, yaani katakombe, yanapeana zamu: Domitilla hupumzika Jumanne, Callisto Jumatano, Sebastiano Jumapili. Kwa hiyo katakombe moja ikifungwa, nyingine i wazi, na hakuna haja ya kurudi hotelini umenuna. Jumapili ya kwanza ya mwezi Colosseum na makumbusho ya serikali ni bure. Maneno yangu kuhusu "bure" umeshayasoma.

Colosseum tiketi zinafunguliwa siku 30 kabla, na zinaandikwa jina. Jina hilo lifanane na la pasipoti. Kwetu mtu mmoja ana jina la ubatizo, la babu, la ukoo na la utani, na parokiani wanamjua kwa lile ambalo serikali hailijui. Andika la kwenye pasipoti. Tiketi hiyo hiyo inakuingiza kwenye magofu ya Foro Romano na kilima cha Palatino, na watu wengi wanatoka Colosseum na kuondoka bila kujua wameacha nusu ya walicholipia.

Ya visa ya Schengen, ile moja inayokuingiza nchi nyingi za Ulaya, nitayapitia haraka, kwa sababu mengi mnayajua. Omba mapema, unaruhusiwa kuanzia miezi 6 kabla na isipungue siku 15. Bima isipungue yuro 30,000. Ada ya mtu mzima ni yuro 90 na hairudi ukinyimwa. Vatikani haina visa yake, unaingia kwa ya Italia. Na acheni kuomba kwa nchi mnayosikia "inatoa haraka": ombi linakwenda kwa nchi utakayokaa siku nyingi zaidi, na zikilingana, kwa ile utakayoingia kwanza. Ukilala Roma usiku 5 na Paris usiku 2, ombi ni la Italia. Mpakani sasa kuna usajili mpya wa kielektroniki ulioanza Oktoba 2025, kwa hiyo usipange kitu chochote cha saa maalumu siku ya kutua.

Siku ya kutua ina shida nyingine. Ukipitia Addis Ababa, mara nyingi unafika uwanja wa ndege wa Fiumicino alfajiri, na chumba cha hoteli hupewi mpaka mchana. Acha mizigo mapokezi, tembea taratibu. Kutoka uwanja wa ndege kuna treni ya Leonardo Express inayokwenda Termini, stesheni kuu ya Roma, bila kusimama kwa dakika 32, na kuna treni ya kawaida ya FL1, nafuu zaidi, ambayo haifiki Termini kabisa. Inapita Trastevere, Ostiense na Tiburtina. Zamani nilikuwa namshauri kila mtu FL1. Sasa nasitasita: ukiwa na masanduku mawili na mama mwenye umri, ulichookoa kinaishia kwenye teksi ya pili. Mtu wa begi moja aipande. Viatu viwe bapa, maana mitaa imetandazwa mawe madogo yanayokula magurudumu ya masanduku pamoja na visigino. Hoteli itakudai kodi ya jiji kwa kila mtu kwa kila usiku. Wenye chini ya miaka 10 hawalipi. Basi namba 64 linakufikisha jirani na Mtakatifu Petro, nalo wezi wa mifukoni wanalipenda sana, kwa hiyo pochi iwe mbele. Maji usinunue: mabomba ya barabarani yanatiririka mchana na usiku, na yanafaa kunywa.

Waislamu wananiuliza kama Roma ina chochote chao. Upo Msikiti Mkuu, uliofunguliwa 1995, kaskazini mwa jiji. Chukua treni ya mjini kutoka Piazzale Flaminio, shuka Campi Sportivi. Ijumaa ndiyo siku ya kwenda. Nyama halali, mihogo, bamia na ndizi za kupika utavipata soko la Esquilino, hatua chache kutoka Termini, na hapo hata asiyekuwa na haja ya kununua napenda apite, akaachane na pasta kidogo.

Mtu akiniuliza siku ngapi, nasema usiku 4 uwe ndio mwanzo wa mazungumzo, na Jumatano iwe ndani yake. Lakini sitaki kudanganya kwamba kila mtu lazima aingie Sistina. Vitabu vyote vinasema lazima. Kuna bibi aliyekuja na kundi lililopangiwa safari na wakala mwingine, ambalo nililisaidia baadaye. Alikuwa amechangia kidogo kidogo kwa miaka. Walitua Jumamosi, Jumapili wakapandishwa mpaka Viale Vaticano, wakakuta lango limefungwa, na Jumatatu usiku ndege ikaondoka nao. Nilipompigia kumpa pole, hakutaja picha za dari hata mara moja. Kilichomuuma ni kwamba saa sita, kengele zilipolia na Baba Mtakatifu akatokea dirishani, yeye alikuwa bado amesimama mbele ya lango lile, upande wa pili wa ukuta, akiwasikia watu wakishangilia.

Jana nilimsimulia mzee habari hiyo. Alinyamaza, kisha akasema atazungumza na watu wa ndege. Leo asubuhi ameniandikia: wanatua Jumanne, wanaondoka Jumatatu. Na ameniletea orodha ya majina 14. La tano limeandikwa "Mama Kizito". Nimemrudishia orodha.