Senti ya Lincoln: si kila maandishi mawili ni mali

Dhana: herufi zikionekana mbilimbili, umepata sarafu adimu.

Hii ndiyo inayowaponza wengi. Senti mashuhuri ya Marekani ya 1955, yenye sura ya Rais Lincoln na iliyotoka kiwanda cha Philadelphia, ilikuwa na kosa kwenye muhuri wenyewe, yaani chuma kinachogonga picha na maandishi kwenye sarafu. Enzi hizo muhuri mpya ulikandamizwa na muhuri mama, ule unaoupa picha yake, zaidi ya mara moja, na katikati ukapashwa moto ili chuma kilainike. Mara ya pili ukakaa upande kidogo. Basi kila senti iliyogongwa na muhuri ule ikawa na tarehe mbili na LIBERTY mbili, unaziona hata bila lenzi.

Kuna uwili mwingine usio na thamani: muhuri ni mzima, ila umelegea, ukatikisika wakati wa kugonga. Chukua lenzi ya kukuza mara 10, mwanga uje kwa pembeni, kisha itazame herufi moja tu. Ukiona kidato bapa kama cha ngazi, na herufi yenyewe imekonda kwa kukwanguliwa, huo ni mtikisiko. Muhuri wenye kosa huacha herufi zilizonenepa, za mviringo, ncha zake zimepasuka kama ulimi wa nyoka. Mimi huanza na ncha hizo kabla ya kitu kingine chochote.

Dhana: senti ya 1943 yenye rangi ya shaba ni shaba.

Mwaka huo shaba ilihitajika vitani, senti zikatengenezwa kwa chuma kilichopakwa zinki. Chache mno ziligongwa kwa bahati mbaya kwenye vipande vya shaba vilivyosalia. Sumaku ikinata, ni chuma kilichopakwa shaba baadaye. Isiponata, subiri kwanza: wapo waliochonga 8 ya 1948 ikawa 3. Ilinganishe na senti ya kawaida ya 1943, ambayo mkia wa 3 yake huteremka chini kabisa.

Dhana: senti ya 1922 isiyo na D, herufi ya kiwanda cha Denver, ilitoka Philadelphia.

Hapana. Mwaka ule senti ziligongwa Denver pekee. D ilipotea kwa sababu mihuri ilichakaa na kusuguliwa. Inayotafutwa zaidi ina uso uliofifia, lakini nyuma masuke ya ngano yamesimama makali. Aliyeikwangua D kwa kisu huacha mikwaruzo au kishimo chini ya tarehe, na lenzi ile ile itakuonyesha.