Kuchimba seti: pea ndogo kwenye meza ya watu wengi

Pea ndogo ni karata mbili za namba moja ulizogawiwa mkononi, kuanzia 2-2 hadi 6-6. Katika poka ya Texas Hold'em kila mchezaji hupewa karata 2 za siri, kisha 5 hufunuliwa mezani kwa ajili ya wote: tatu kwa mpigo, baadaye moja, na mwishowe moja tena. Mtu akiinua pembe za karata zake akakuta 4 na 4, moyo humruka. Anaona kwamba tayari ana kitu, wakati wengine bado wanasubiri meza iwape. Furaha hiyo ndiyo inayowamalizia watu vizibo.

Nasema vizibo kwa sababu ndivyo tunavyochezea nyumbani kwetu Lubumbashi, Jumapili baada ya bukari (ugali), chini ya mwembe: vizibo vya bia na vya sukre (soda), kila mtu anaanza na 100.

Ukibaki na mpinzani mmoja, pea ndogo ni karata nzuri. 4-4 ikikutana na asi (watu wa pwani huiita ree) na mfalme, ni karibu nusu kwa nusu, na pea huwa mbele kidogo. Lakini wakiingia watu wanne, hesabu inageuka. Karata tatu za kwanza zikifunuliwa, karibu kila mara kutakuwa na namba iliyo kubwa kuliko 4, na kati ya watatu waliobaki ni rahisi mmoja awe ameshaipata. Kwenye meza iliyojaa, usihesabu kwamba una pea. Hesabu kwamba una ruhusa ya kutafuta 4 ya tatu. Ikija, unakuwa na seti, na seti ni karata ya kukomba meza.

Wachezaji wa Marekani huita kazi hiyo kuchimba, na hapa kwetu neno hilo halihitaji maelezo marefu. Mjomba wangu amechimba shaba miaka mingi upande wa Likasi. Siku moja alimtazama mdogo wangu akilipa na kulipa kwa 3-3, akamwambia, “Weye unalipia shimo, shaba haujaiona.” Mchimbaji anajua mashimo mengi ni matupu. Anachouliza ni kimoja: shimo likitoa, litalipa gharama ya yale yote yaliyokauka?

Nafasi ya kupata seti au zaidi kwenye karata tatu za kwanza ni asilimia 11.8. Ichukue hivi: katika mara 17 utapata mara 2, na mara 15 utakosa. Ukilipa vizibo 6 kila unapoingia, zile mara 15 zinakula 90. Kwa hiyo kila seti kati ya zile mbili lazima irudishe 45 ndipo usipate hasara, na hapo hujapata faida hata ya kizibo kimoja.

Tuko sita. Mimi ndiye nagawa, hivyo nacheza wa mwisho karata zikishafunuliwa. Wawili wanaokaa baada yangu wameweka madau ya lazima, 1 na 2. Wa kwanza anapandisha hadi 6, wawili wanafuata, yaani nao wanaweka 6. Mbele yangu kuna 21, na mimi nina 4-4. Je, nilipe 6?

Ndiyo, ila si kwa ajili ya zile 21. Nahitaji 45, na 24 zilizobaki lazima zitoke mifukoni mwa wenzangu baadaye. Ndiyo maana kabla ya kuangalia katikati ya meza naangalia kilicho mbele ya kila mtu. Wenye 94 kila mmoja wanaweza kunilipa. Wangekuwa wamebaki na 10 au 12, ningetupa, yaani ningeachia karata zangu bila kulipa. Wengi hutumia kipimo cha mara 15: dau likiwa 6, anayetarajiwa kukulipa awe na 90 hivi. Kipimo kinazidi ile 45 kwa sababu ukipata seti si kila mara mtu atalipa, na kuna siku utaipata seti yako na bado ushindwe.

Kukaa mwisho kunasaidia sana. Anayefungua wa kwanza kwa 3-3 anaweka 2 zake akidhani ni bei rahisi, kisha mtu nyuma yake anapandisha hadi 14. Zile 2 zimekwenda, shimo hata halijaanza kuchimbwa.

Sasa tuseme meza imefunua 9 ya shupaza, 7 ya shupaza na 4 ya uru. Shaba imeonekana. Katikati kuna 27, na wale wawili wa madau ya lazima wameshatupa. Aliyepandisha mwanzo anaweka 12, mmoja anafuata, mmoja anatupa. Hapa watu wengi wa kwetu hujificha, wanafuata tu kwa upole ili wasiwatishe wengine. Mimi naona ni kosa kubwa. Penye watu wengi na karata zinazofuatana namna hii, kuna mtu anasubiri shupaza tano au anaunganisha mstari wa namba tano, na vyote viwili hushinda seti. Mwenye shupaza nne tayari atapata ya tano karibu mara moja katika tatu kabla ya karata kuisha. Mtu huyo alipe. Napandisha hadi 45, na mwenye pea ya 9 naye mara nyingi atafuata. Hofu ya kwamba mtu ana 7-7 au 9-9, yaani seti iliyo juu ya yangu, ipo kweli, lakini hutokea kwa nadra mno hata isistahili kunifanya nitupe. Zikifunuliwa shupaza nne mezani, hapo napunguza mwendo.

Na kudanganya je? Baadhi huweka dau kwa pea tupu wakitumaini wote watakimbia. Tuseme kila mpinzani hutupa mara 6 katika 10. Kwa mpinzani mmoja utafaulu mara 6. Kwa watatu, wote wakimbie pamoja, ni mara 2 tu katika 10. Wote wakipita bila kuweka dau, nami napita, natazama karata inayofuata bure.

Kazi ngumu kuliko zote ni kutupa. Jumapili iliyopita nilikuwa na hizo hizo 4-4, dau lile lile la 6, watu wale wale. Meza ikatoa mfalme, 10 na 8. Wa kwanza akaweka 12, mmoja akafuata, mmoja akatupa, nami nikatupa. Karata ya nne ikafunuliwa: 4 ya kopa. Mdogo wangu aliyekuwa ameziona karata zangu akashika kichwa, akaniambia, “Yaya (yaani mkubwa wangu), ungefuata!”

Nilimchukulia vizibo tukahesabu pamoja. Zilikuwa zimebaki 4 mbili tu kati ya karata 47 nisizoziona. Kwa kila mara moja ya kupata kuna zaidi ya 22 za kukosa, na kwa bei ya 12 ningehitaji kushinda 270 ndipo isiwe hasara. Wale wawili walikuwa na 94 kila mmoja, na katikati kulikuwa na 27. Hata ningewakomba hadi kizibo cha mwisho, ningepata 215.